Mwenye Juya na Kamba Yake

Mwenye juya, bibi mmoja wa pwani, alikuwa hali samaki. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonisumbua zaidi muda wote nilioishi jirani naye, na mpaka leo sijapata jibu lake. Juya lake, wavu ule mrefu unaozungushwa baharini kwa mtumbwi kisha ukakokotwa na watu mpaka ufukweni, lilitoa samaki karibu kila siku isipokuwa Ijumaa. Walikuja tafi, changu, pono na vile vidogo ambavyo hakuna aliyehangaika kuvipa jina. Wote walipita mbele ya macho yake, wakagawanywa kwa mkono wake, naye usiku akala mbaazi za nazi.

Nilipomuuliza mara ya kwanza aliniambia samaki humwasha mwili. Mwenzangu alipouliza aliambiwa kwamba bibi alikula samaki utotoni akashiba wa maisha yake yote. Msimamizi wetu naye akauliza, kwa adabu zote, akajibiwa kuwa si yeye asiyewapenda samaki, ni samaki wasiompenda yeye. Tulikutanisha majibu yetu jioni moja tukacheka, na kesho yake nikamwendea tena. Aliniambia niache udadisi, nitazeeka kabla ya siku zangu.

Mimi nilikulia Mackinnon Road, mji wa malori na gari moshi, ambako bahari tuliisikia kwa madereva tu. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo, nikasikia kwamba kule Msambweni kuna mradi mdogo wa kuhifadhi kasa na miamba ya bahari unaotafuta vijana wa kujitolea. Hakukuwa na mshahara, ila tungelala na kula bure. Mama alilia. Haukuwa umepita muda mrefu tangu watu wa bara wafukuzwe Likoni na Ukunda, na dada yake mwenyewe alikuwa amerudi na nguo alizovaa tu. Nilikwenda hata hivyo, kwa ukaidi na kwa hamu ya kuona maji mengi mahali pamoja.

Tulikuwa vijana wanne chini ya Msimamizi, mtu wa bara kama mimi, msomi wa mambo ya bahari, mpole, mwenye pikapu ya mradi aliyoiosha kila jioni. Kazi yetu ilikuwa kutembea ufukweni asubuhi kutafuta nyayo za kasa waliopanda kutaga, kuweka alama kwenye viota, kuokota plastiki na kandambili zilizotupwa na maji, na kwenda mashuleni kuwaeleza watoto. Kazi ya pili, iliyokuwa ngumu, ilikuwa kuwashawishi wavuvi waache juya. Wavu ule hukwangua majani ya baharini yanayoliwa na kasa, na macho yake madogo hunasa samaki wachanga kabla hawajazaa. Juya kubwa kuliko yote pale lilikuwa la bibi yule. Ndiyo maana nilipopelekwa kumwamkia siku ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kukutana na adui.

Nilimkuta ameketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, mwavuli mweusi kichwani, beseni la bati miguuni, akiwafokea wanaume walioinama kwenye kamba pande mbili. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaniambia nisisimame kama mlingoti, kamba ile pale. Nikashika. Nilikuwa mtu wa nyuma kabisa, na kweli nilijitahidi, lakini kamba mbichi usipoizoea hukuponyoka.

Wavu ulipofika nchi kavu nikaelewa beseni lilikuwa la nini. Desturi ya ufuo ule ilikuwa kwamba yeyote anayeshika kamba ya juya na kuvuta ana haki ya kitoweo, awe mwenyeji au mpita njia. Haulizwi jina, dini wala kwao. Wavuvi wenyewe walipata fungu lao, mwenye wavu lake, na lililobaki likaingia kwenye beseni la wavutaji. Na wavutaji walikuwa watu gani! Wajane, wazee ambao hawakuweza tena kwenda majini, mtu mmoja mwenye mguu mbovu ambaye hakuvuta kwa mikono bali aliilalia kamba kwa uzito wake wote, akina mama waliokuja na mtoto mgongoni. Wangeona haya kuomba. Pale hawakuomba, walivuta.

Walipanga foleni mbele ya kreti, na kila mmoja akanyoosha kiganja. Bibi alikishika, akakipapasa kwa kidole gumba, kisha akatia mkono kwenye beseni. Ilipofika zamu yangu alipapasa, akarudia kupapasa.

"Mkono huu umeshika," akasema, "haujavuta."

Watu wakacheka, nami nikacheka kwa sababu sikuwa na la kufanya. Akanipa kisamaki kimoja cha kumnyamazishia paka, akaniuliza kwetu wapi. Nilimweleza, nikataja na reli inayopita karibu na nyumba yetu. Tangu siku hiyo akaniita wa Relini, na sikusikia jina langu kinywani mwake hata mara moja.

Sasa hili ndilo lililonishangaza. Adui huyo ndiye aliyekuwa mtu wetu wa kujitolea namba moja. Hakujiandikisha popote. Asubuhi moja tulipita mbele ya nyumba yake macho chini, akatuuliza tumepoteza nini. Tulipomwambia tunatafuta nyayo za kasa alisikitika, akasema alidhani tumedondosha funguo, kisha akatupeleka nyuma ya kichaka cha mkwamba kwenye kiota ambacho tulikuwa tumekipita mara kadhaa. Kesho yake alikuwa barabarani akitungoja na mwavuli wake. Akawa hakosi. Aliwafukuza mbwa, akafunika viota kwa matawi ya miiba, akamsuta mbele za watu kijana aliyefukua mayai kwenda kuyauza. Adhuhuri, maji yakifika kiasi chake, alirudi kwenye kreti na juya likaenda majini. Asubuhi alilinda mayai ya kasa, mchana wavu wake ukakwangua malisho yao.

Msimamizi alijaribu kumwonyesha kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja. Alisikiliza vizuri. Alisema ameelewa, na kwamba yeye mwenyewe aliona samaki wa siku hizi ni wadogo kuliko wale wa zamani. Halafu akamuuliza, akilitoa lile juya, beseni litajazwa na nani? Msimamizi alizungumza juu ya faida za baadaye, samaki watakavyoongezeka miaka ijayo. Bibi akasema hiyo ni habari njema sana, ila yule wa mguu mbovu atataka kula Jumamosi. Mazungumzo yalikuwa yakiishia hapo kila mara, na nilipokuwa nikilala nilijiuliza ni nani kati yao mwenye haki. Niliona wote wawili wana haki, na hilo halikunisaidia kitu.

Asidhani mtu kwamba nachora picha ya mtu mwenye hekima. Alikuwa na makosa mengi na aliyatetea yote. Aliamini kwamba redio ikiwekwa karibu na dirisha huleta homa, lakini aliiweka hapo hapo ili asikose matangazo ya vifo, aliyoyafuata kwa makini hata ya watu asiowajua, akiwaombea rehema mmoja mmoja. Aliogopa kaa. Mwanamke aliyewafokea wanaume wazima na wakanyamaza alinyanyua miguu juu ya kreti akiona kaa mdogo amepita. Alikuwa mwongo wa mambo madogo, na akikamatwa alisema alikuwa akikupima. Alikuwa mkali kwa wakwe zake kupita kiasi, na sikuwahi kuona sababu.

Kuhusu machozi ya kasa, hakukubali kusomeshwa. Kasa akipanda kutaga, macho yake hutiririka maji, na bibi alisema analilia wanawe atakaowaacha mchangani asiwaone tena. Msimamizi alimweleza taratibu kuwa si kilio, ni mwili unatoa chumvi iliyozidi, machozi yale yana chumvi nyingi.

"Na ya kwako ukilia," bibi akamuuliza, "yana sukari?"

Kati ya kasa wote waliotaga upande ule alikuwapo mmoja aliyepungukiwa pezi la nyuma, sijui lilikatwa na nini. Nyayo zake tulizijua sote, maana upande mmoja zilikuwa mashimo na upande wa pili mburuzo tu. Alipenda kutaga mbele ya nyumba ya bibi, kwa hiyo bibi alimwita Jirani. Akiona mburuzo ule asubuhi alifurahi, akasema Jirani kaja jana na hakubisha hodi.

Siku nitakayoieleza ilikuwa ya kawaida mpaka wavu ulipokuwa mzito. Wavutaji walishangilia wakidhani ni kundi la kolekole. Ulipofika kwenye maji ya magoti tukaona gamba, kisha kichwa, kisha upande wa nyuma usio na pezi. Alikuwa mzima, anapigapiga, amejisokota kwenye nyuzi.

Watu wa pale walimjua kasa kuwa kitu cha thamani. Nyama yake wengine hawakuigusa kwa sababu ya dini, lakini mafuta yake yalikuwa dawa ya kifua iliyotafutwa nyumba hadi nyumba. Na kilichoingia kwenye juya kilikuwa cha mikono iliyovuta, desturi haikubagua. Msimamizi, aliyekuwa amekuja mbio kutoka kwenye gari, alisema kwa sauti kwamba kasa analindwa na sheria ya nchi na atakayemgusa atafungwa.

Bibi alishuka kwenye kreti. Alimtazama Msimamizi.

"Baba, hiyo sheria yako ilishika kamba upande gani?"

Bibi akamwendea wa kwanza kwenye kamba, mjane mmoja mnene, akamwambia kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake kwamba yule ni Jirani, na kwamba anamwomba amwachie haki yake. Mjane akasema amesamehe. Akaenda kwa wa pili, na wa tatu. Alimwomba kila mtu peke yake, kwa jina lake, huku maji yakimlowesha leso na kaa wakimpita miguuni asiwaone. Aliniomba na mimi. Niliitikia kwa kichwa, naye akangoja mpaka nikatamka kwa mdomo.

Alibaki mzee mmoja, msuka makuti, mtu wa maneno machache. Alikuwa na mjukuu mwenye pumu, na sote tulimjua mtoto yule kwa sauti ya kifua chake.

"Mimi sisamehe, bibi," akasema, bila hasira. "Kifua cha mtoto wangu hakisubiri."

Hakuna aliyemlaumu. Niliona bibi akitaka kusema neno akalirudisha. Angeweza kumfokea kama alivyotufokea sote, na nadhani mzee angetii, lakini haki ile haikuwa yake kuichukua kwa ukali. Wavuvi walikuwa wamemshika Jirani asizame na wavu, na mmoja wao alikuwa na kisu kiunoni.

Bibi akamgeukia Msimamizi. Alimuuliza gari lake lile hubeba nini. Msimamizi akasema hubeba vifaa vya mradi, ndiyo kanuni aliyopewa.

"Mtoto anayekosa pumzi, haliwezi kumbeba mpaka hospitali?"

Msimamizi alimtazama kasa, akamtazama mzee. Akasema linaweza.

"Leo tu?"

"Siku yoyote atakapoumwa," akasema Msimamizi. "Hata usiku."

Mzee wa makuti aliuliza kama maneno yale ameyasema mtu au yamesemwa na mradi. Msimamizi alijibu kuwa ameyasema yeye, akampa mkono. Mzee akaushika, akakaa nao, ndipo akasema amesamehe. Tulikata nyuzi, Jirani akasukumwa kwenye kina, akapinda upande wake mbovu akaenda zake. Watu walipiga makofi. Mimi nililia, na maji ya bahari yalinificha. Bibi hakutazama baharini. Alikuwa akiutazama wavu.

Asubuhi iliyofuata hatukumkuta barabarani. Tulimkuta nyuma ya nyumba na kisu cha kuparia nazi, anakata juya. Alikata kwa utaratibu, kipande kwa kipande, na alikuwa ameshafika mbali. Nahodha wake, aliyeendesha wavu ule tangu ulipokuwa wa marehemu mume wa bibi, alikuwa amesimama pembeni, mikono kichwani. Nilimuuliza bibi kwa nini, na safari hiyo hakunitania.

"Jana nimewaomba haki yao, wamenipa. Kesho akiingia kasa mwingine niwaombe tena? Kitu kile unakiomba mara moja, mwanangu. Ukirudia umewanyang'anya."

Msimamizi alipopata habari alifurahi mno, akataka kuleta wageni, hotuba na picha. Bibi alimwambia pale pana msiba, si harusi, akamfungia mlango. Kitu kimoja tu hakukikata. Zile kamba ndefu za kuvutia alizifungua kwenye wavu, akaziosha kwa maji baridi na kuzining'iniza chini ya makuti ya baraza. Nilipouliza za nini tena, akasema kamba haina kosa.

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri, na sitaipamba. Nahodha na watu wake walihamia juya jingine upande wa Diani. Beseni lilikaa kifudifudi mlangoni. Yule wa mguu mbovu nilimwona akizunguka sokoni, anasalimia watu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Baadhi ya wajane walipita mbele ya baraza ya bibi bila kubisha hodi, naye aliwaona. Asubuhi aliendelea kutusubiri na mwavuli wake, tukahesabu viota pamoja, lakini hakucheka sana. Pikapu ilimpeleka mjukuu wa mzee hospitalini zaidi ya mara moja, Msimamizi akaandikiwa onyo na wakubwa wake, akaendelea. Hilo lilitimia. Beseni halikujazwa na mtu, na nilipoitwa chuo nikaondoka nikiwa sijui kama tulitenda jema au tulihamisha njaa tu, tukaitoa kwa kasa tukaipeleka kwa watu. Nilimuaga bibi, nikamuuliza kwa mara ya mwisho mbona hali samaki. Akasema daktari alimkataza. Hakuwa amekanyaga kwa daktari maisha yake.

Maisha yalinizungusha. Nilisoma, nikafanya kazi mbali, nikaja kupangiwa ofisi Kwale, juu kule mlimani ambako bahari huonekana kwa mbali. Siku moja nikatumwa Msambweni kwa shughuli ya ofisi, ikaisha mapema, nikashuka ufukweni na viatu vyangu vya ngozi.

Nilisikia sauti kabla sijaona mtu. Ilikuwa ikimfokea mtu avute kama aliyekula. Mashua nzito ilikuwa imerudi kutoka kuvua kwa mishipi nje ya mwamba, na maji yalikuwa yamekupwa ikakwama mbali na mahali pake. Watu walikuwa wameishika kwa kamba pande mbili wanaipandisha. Kamba nilizijua. Mtu aliyekuwa pembeni yangu alinieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba mashua zote za hapo hupandishwa kwa kamba za bibi yule, na kila nahodha anayezitumia hutia samaki kwenye beseni lake. Nikauliza asiyetia je. Akacheka, akasema huyo ataisukuma mwenyewe.

Nilivua viatu. Nilishika kamba nyuma kabisa, mahali pangu pa zamani, na safari hii niliizungusha kiganjani kama nilivyokuja kufundishwa, nikaegemea. Iliniuma. Mashua ilipokaa vizuri mchangani nikafuata foleni.

Alikuwa juu ya kreti, la plastiki sasa, bila mwavuli, maana mtu alikuwa amemjengea kipaa cha makuti. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na alimjua kila mtu kwa sauti na kwa kiganja. Mbele yangu alikuwa yule wa mguu mbovu, mvi kichwa kizima, akapata tafi wawili akaondoka bila haraka. Nikanyoosha mkono. Sikusema shikamoo, ingawa ni utovu wa adabu, kwa kuwa nilitaka kuona.

Alipapasa, akarudia kupapasa. Kidole gumba kikasimama palipochubuka.

"Mkono wa ofisini," akasema. "Lakini umevuta."

Akaingiza mkono kwenye beseni, akatoa changu mzuri, akaniwekea kiganjani. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, kuhusu mama, kuhusu chuo, kuhusu miaka ile yote niliyojiuliza juu ya beseni lake. Nilikuwa nimefungua mdomo.

"Haya, sogea, wa Relini," akasema, mkono wake umeshanyooshwa kwa aliyekuwa nyuma yangu. "Wenzako wanangoja."

Nikasogea.